UZI: Kibao cha 30 na ghala la kwenye kona ni ajenda moja – vipimo na taratibu za kupeleka halmashauri

Njiapanda (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Ombi la kupunguza mwendo mtaani huingia halmashauri kwa mlango wa barabara. Ombi la kubadili matumizi ya kiwanja, kutoka makazi kwenda biashara au ghala, huingia kwa mlango wa mipango miji. Kamati mbili, mafaili mawili, siku mbili. Mwezi huu mtaa unapewa kibao cha kilomita 30, mwezi ujao kiwanja cha kwenye kona kinapewa kibali cha ghala. Semitrela haiwezi kukata kona ya makazi, basi mwenye ghala anaomba kona ipanuliwe. Ikishapanuliwa, gari dogo linaikata bila kugusa breki. Kibao kipo, mwendo umerudi palepale. Hakuna diwani aliyenyoosha mkono kuufuta uamuzi wa kwanza, lakini umefutika.

Kwa nini watu wanang'ang'ania 30? Hesabu yake ni fupi. Gari la kilomita 50 kwa saa linakwenda meta 13.9 kila sekunde, la 30 linakwenda meta 8.3. Mpe dereva sekunde moja ya kushtuka na kufikisha mguu kwenye breki, kisha breki nzima kwenye lami kavu. Wa 30 anasimama kwenye meta 13 na ushee. Wa 50, kwenye meta hizohizo 13, mguu wake ndiyo kwanza unafika kwenye breki, kwa hiyo aliye mbele yake anagongwa na 50 kamili. Yeye atasimama karibu na meta 28. Lami ikilowa inakuwa 17 kwa 38. Tena nguvu ya kugonga hupanda kwa mraba wa mwendo: 50 ina karibu mara 2.8 ya 30.

Graz, Austria, iliweka 30 kwenye barabara zake karibu zote isipokuwa zile kuu mwaka 1992. Brussels ikafuata Januari 2021. Hispania, Mei 2021, iliufunga mwendo na umbo la barabara kwa sheria ya nchi nzima: mijini, barabara yenye njia moja kila upande ni 30, na ile ambayo njia ya miguu iko sawa na lami ni 20. Mimi naona hiyo ya Hispania ndiyo yenye akili zaidi, maana unaiangalia barabara tu ukajua kikomo chake.

Wenye vipimo, taratibu na michoro, shusheni. Zile za "serikali iangalie" tuziache nje.

SaaMkononi

Naanza na takwimu. Ombi linaloandika "magari yanakimbia sana" hujibiwa "limepokelewa", na safari yake inaishia hapo.

Huhitaji rada. Chagua kipande kilichonyooka, mbali na kona, tuta au njia panda. Pima meta 50 kwa tepu, weka alama ya chaki kila mwisho, na kila alama iwe na mwenzake ng'ambo ya barabara. Zile mbili za kila upande ndizo mstari wako. Gari limefika pale gurudumu la mbele linapokata mstari huo, si pale macho yako yanapodhani. Hapa ndipo wengi huharibu: mtu mmoja anasimama mwisho mmoja, anautazama mstari wa mbali kwa mshazari, anabonyeza saa mapema au kwa kuchelewa. Wawe wawili. Wa kwanza anashusha mkono gari likikata mstari wake, wa pili yuko mstari wa pili na saa.

Kanuni: 180 gawanya kwa sekunde. Sekunde 6.0 ni kilomita 30, sekunde 4.5 ni 40, sekunde 3.6 ni 50. Kosa la sekunde 0.2 kwenye 3.6 linakupa kati ya 47 na 53, kwa hiyo usiandike desimali kana kwamba una mtambo. Ukitumia meta 25 kosa hilo linaongezeka maradufu.

Chukua magari 100 kila upande, yale yanayokwenda kwa hiari yake tu. Gari lililofuatana na jingine kwa chini ya sekunde 4 au 5 liache, huyo mwendo wake kachaguliwa na wa mbele. Msafara ukija, chukua kiongozi. Epuka saa za foleni, maana utapata 22 na ofisa atakuuliza shida iko wapi. Na msivae vizibao vya kung'aa mkasimama ukingoni na daftari. Madereva wanadhani ni askari na wastani unashuka.

Mkiazimwa rada, simameni karibu na mstari wa barabara kadiri ya usalama. Rada inayolenga kwa mshazari husoma pungufu siku zote. Kwenye nyuzi 20, gari la 50 linasomeka 47.

Mwananzengo

Asante mkuu. Sasa nikishakuwa na namba mia, napeleka wastani au nini?

SaaMkononi

Peleka mbili: wastani, na mwendo wa asilimia 85. Huo wa pili unaupata kwa kupanga namba 100 kutoka ndogo hadi kubwa, kisha unahesabu mpaka ya 85. Wenzake 84 wako chini yake au sawa naye.

Jihadhari na jinsi utakavyotumika dhidi yako. Kuna desturi ya zamani, yenye mizizi Marekani, ya kuweka kikomo karibu na mwendo wa asilimia 85, yaani madereva wenyewe ndio wanaopiga kura kwa mguu. Barabara ikiwa pana watakimbia, wakikimbia kikomo kinapandishwa. Hata Marekani mwongozo wao wa taifa wa alama za barabarani, toleo la Desemba 2023, umelegeza hilo na kutaka watembea kwa miguu, ajali na matumizi ya ardhi ya pembeni vizingatiwe pia. Ofisa akikuambia "asilimia 85 ni 52, kwa hiyo 50 ndiyo sahihi," mjibu kwamba namba hiyo inaeleza umbo la barabara lilivyo leo. Haisemi mtaa unahitaji nini.

Matumizi yake mazuri ni haya: inakuambia kama kibao kitatosha. Mwongozo wa Uingereza unaona vibao peke yake vya maili 20 vinafaa pale ambapo wastani tayari ni maili 24 au chini, yaani karibu kilomita 39. Na utafiti uliochapishwa huko mwaka 2018 ulikuta kwamba kwenye mitaa ya makazi iliyowekewa vibao tu, mwendo ulishuka kwa chini ya maili moja. Wastani wako ukiwa 36, omba vibao. Ukiwa 46, kuomba vibao pekee ni kujipa ushindi wa karatasi.

Karani wa Kamati

Nakazia hapo, kisha niongeze upande wa taratibu, maana maombi mengi hufia mlangoni.

Kwanza jua mwenye barabara. Ndani ya mtaa mmoja unaweza kukuta kipande ni cha halmashauri na kipande ni cha wakala wa taifa. Barua ikienda kwa asiye na mamlaka, haikataliwi. Inapelekwa "kwa hatua zaidi", na huko inakaa. Pia kuna nchi ambazo kikomo cha chini kinapangwa na sheria ya taifa, na halmashauri inaweza kushusha tu kwa idhini ya wizara. Wales walifanya kinyume chake Septemba 2023: maili 20 ikawa ndiyo kawaida ya maeneo ya makazi yenye taa, na halmashauri ndiyo inayopaswa kujieleza ikitaka kipande fulani kibaki maili 30. Ukijua mzigo wa kujieleza uko kwa nani, unajua barua yako iandikwe vipi.

Barua iwe ukurasa mmoja. Sema kipande chenyewe kwa meta: "kutoka makutano na barabara fulani hadi meta 420 kaskazini." Ukiandika "mtaa wetu wote" unamlazimisha mhandisi akuchoree mipaka. Ambatisha ramani, jedwali la vipimo, ajali za miaka 3 hadi 5 kutoka polisi, na saini za wakazi na wenye biashara. Saini za wenye biashara zina uzito kuliko mnavyodhani, kwa sababu pingamizi la kwanza kwenye kamati huwa "wafanyabiashara wataumia".

Kisha fuatilia njia yake: mtendaji, mhandisi, maoni ya polisi na zimamoto na wasafirishaji wa abiria, kamati, baraza kamili, tangazo kwa umma, sheria ndogo au amri iliyochapishwa, ndipo vibao. Mpangilio huo una sababu. Vibao vikisimikwa kabla ya amri kuchapishwa, dereva wa kwanza mwenye wakili ataushinda mji, na faini zote za nyuma yake zitayumba.

Muda nao ni kitu. Ombi likipita baada ya bajeti kufungwa mtaambiwa limekubaliwa, na ni kweli, ila halina kifungu cha fedha. Lipelekwe wakati idara zinaandaa makadirio. Na kamati ikishakaa, ombeni nakala ya muhtasari ulioidhinishwa. Ahadi ya mdomo ya diwani haina namba ya kumbukumbu.

Vibao vyenyewe: duara lenye ukingo mwekundu na namba, kama Mkataba wa Vienna wa 1968 wa alama za barabarani unavyoeleza, pande zote mbili za mwingilio wa eneo, na kwenye kila mwingilio. Mwingilio mmoja ukisahaulika, anayeingilia hapo ana utetezi. Chini ya kibao kiwe juu ya njia ya miguu kwa meta 2.1 au zaidi, na matawi yakatwe siku ya kusimika, si msimu ujao.

TutaSanifu

Haya, tufike kwenye matuta, maana ndiyo yanayoombwa zaidi na ndiyo yanayojengwa vibaya zaidi.

Tuta fupi, lile la sentimita 40 upana na kimo cha 12 au 15 lililomwagwa kwa zege usiku, lina tabia ya ajabu. Ukilipita polepole linakuumiza mgongo. Ukilipita kwa kasi springi zinalimeza, kiti hakisikii sana, ingawa bodi ya gari inapigika. Yaani linamwadhibu mwenye adabu na kumsamehe mkimbiaji. Tuta la mviringo lenye urefu wa meta 3.7 kufuata barabara hufanya kinyume: kadiri unavyoongeza mwendo, ndivyo linavyokurusha. Ndiyo maana kipimo hicho kimedumu tangu maabara ya barabara ya Uingereza ilipokitoa miaka ya 1970.

Kimo: milimita 75 kwa mitaa ya kawaida, hadi 100 mahali pagumu. Kwa 75, tengenezeni kiolezo cha mbao chenye urefu wote wa meta 3.7 na muweke mkandarasi alama hizi kutoka katikati: katikati 75, sentimita 46 kutoka katikati 70, sentimita 92 kutoka katikati 56, sentimita 139 kutoka katikati 33, ukingoni 0. Kiolezo kikilazwa juu ya tuta lililoshindiliwa, mwanga usionekane chini yake zaidi ya milimita 5. Bila kiolezo hamtapata mviringo. Mtapata mkate: bapa juu, wima pembeni.

Miisho ndiyo hufa kwanza. Lami haiwezi kuisha kwa unene wa sifuri juu ya lami ya zamani, inabanduka. Chimbeni mfereji wa milimita 25 hadi 30 kila mwisho, safisheni vumbi lote, nyunyizeni lami ya kugandisha, ndipo mjaze. Wakiruka hatua hiyo, miezi michache tu mbele ni vipande.

Nafasi kati ya tuta na tuta: meta 60 hadi 100. Ukizidisha 150 dereva ana muda wa kufikia 50 katikati na kufunga breki tena, mnapata kelele badala ya utulivu. Tuta la kwanza liwe karibu na mahali ambapo gari tayari limepungua, baada ya njia panda au kona, ndani ya meta 40 hadi 60. Tuta la kwanza likikaa mwisho wa kipande kirefu kilichonyooka ni mtego.

Acheni upenyo wa sentimita 20 kila ukingo ili maji ya mvua yapite, au mpitishe bomba. Tuta linalogusa ukingo ni bwawa, na bwawa linakula lami pande zote mbili. Lakini upenyo usizidi hapo, pikipiki zitaufanya barabara yao.

Gia ya Tano

Mnaongea kana kwamba barabara ni ya kutembelea. Gari la wagonjwa na zimamoto je? Na watu wanaowahi kazini?

TutaSanifu

Swali la zimamoto ni la haki, na ndiyo maana maoni yao huombwa kabla. Kwenye njia yao kuu tumieni tuta la mto, yaani lenye umbo la mto wa kulalia: kipande cha upana wa meta 1.6 hadi 1.7 katikati ya kila njia. Magurudumu ya gari kubwa yanapita pande zake, gari dogo halina upana huo, linalazimika kupanda. Au achaneni na matuta kabisa kwenye barabara hiyo, mbane upana: njia ya meta 2.75 hadi 3 badala ya 3.5, na kivuko kilichoinuliwa penye watu wengi.

La kuwahi kazini lipigie hesabu. Kutoka nyumbani hadi barabara kubwa, tuseme meta 600: kwa 50 ni sekunde 43, kwa 30 ni sekunde 72. Tofauti ni sekunde 29, na hapo nimekupa 50 mfululizo bila kusimama popote.

Gia ya Tano

Sawa, sekunde 29 naziachia. Lakini mkifunga mtaa mmoja magari yanahamia wa jirani.

TutaSanifu

Hapo umegusa penyewe. Ndiyo sababu ya kuomba eneo zima, lenye mipaka ya barabara kubwa pande zote, badala ya mtaa mmoja mmoja. Na magari yahesabiwe kwenye mitaa sambamba kabla ya kazi kuanza. Bila hesabu ya kabla, hakuna atakayeweza kuthibitisha wala kukanusha kwamba yamehamia.

MchoraRamani

Nirudi kwa mleta mada, maana huku kwetu mipango miji ndiko uamuzi wa mwendo unakofanyika bila neno "mwendo" kutajwa.

Chukua hilo ghala. Ulaya semitrela huruhusiwa urefu wa meta 16.5, na lazima iweze kuzunguka ndani ya duara la nusukipenyo cha meta 12.5. Ukiweka gari hilo kwenye kona ya makazi yenye ukingo wa nusukipenyo cha meta 4, gurudumu la nyuma linapanda njia ya miguu. Suluhisho la haraka la mchoraji ni kupanua kona hadi meta 12. Sasa angalia gari dogo. Kwenye kona ya kwanza, njia yake halisi ya kupinda ina nusukipenyo cha kama meta 8, na dereva wa kawaida ataipita kwa kilomita 19 hivi. Kwenye kona ya pili njia yake inakuwa meta 18, na ataipita kwa karibu 29 bila kujisikia anakimbia. Kona hiyohiyo, mtembea kwa miguu sasa anavuka upana mkubwa zaidi mbele ya gari lenye kasi zaidi.

Kwa hiyo swali la kwanza la kamati liwe hili: gari kubwa kuliko yote litakalokuja hapa lina urefu gani, litakuja mara ngapi, na litapitia kona zipi kutoka barabara kubwa hadi getini? Mwombaji achore njia ya magurudumu kwenye kila kona, si kwenye geti lake tu. Michoro mingi inaonyesha lori likiingia getini kwa uzuri, kama vile lilishushwa na helikopta mtaani.

Jibu likiwa semitrela, kuna njia tatu, nazipanga kwa upendeleo wangu. Geti liwe upande wa barabara kubwa, na upande wa mtaa ubaki ukuta au mlango wa miguu. Likishindikana, matumizi yabadilishwe kuwa ghala dogo linalohudumiwa na magari mafupi. La mwisho, kona ibaki ya meta 4 kwa gari dogo lakini iongezewe sakafu ya mawe iliyoinuka milimita 30 hadi 50, ambayo gurudumu la lori hupanda na gari dogo hukwepa. Hii ya mwisho inahitaji msingi mnene, vinginevyo mawe yanazama na mnabaki na shimo.

Geti nalo lina kipimo. Lirudi ndani ya kiwanja kwa urefu wa gari refu linalotarajiwa, na lifunguke kwa ndani au kwa kuteleza. Geti lililo kwenye mpaka linamaanisha lori linasubiri mlinzi huku mkia wake uko barabarani, na anayelipita anahamia upande wa wanaokuja.

La mwisho ni nyumba zinazogeuka kimyakimya: leo makazi, kesho ofisi, keshokutwa ukumbi. Kila moja peke yake ni ndogo mno kufanyiwa tathmini ya magari, na kwa pamoja ni barabara nyingine kabisa. Ofisi ya mipango iwe na ramani moja ya vibali vyote vya mtaa, na tathmini ihesabu vilivyokwisha kutolewa, si kile kimoja kilichoko mezani.

Mwananzengo

Kama ni shule ya binafsi badala ya ghala? Hapo hakuna semitrela.

MchoraRamani

Shule inaweza kuwa nzito kuliko ghala, maana uzito wake wote unaangukia nusu saa. Fanya mfano: wanafunzi 400, watatu kati ya kumi wanaletwa kwa gari, kila gari mwanafunzi mmoja. Magari 120 yanaingia na 120 yanatoka, jumla safari 240 ndani ya dakika 30. Ni gari moja kila sekunde 7.5. Mtoto anayetembea meta moja kwa sekunde anahitaji sekunde 7 kuvuka barabara ya meta 7. Kwa maneno mengine, hana nafasi.

Sasa kusimama: magari 4 kwa dakika, kila moja likisimama dakika moja, ni magari 4 kwa wastani, na kwenye dakika zilizobanana weka mara mbili, 8. Kwa meta 7 kila moja, unahitaji meta 56 za kushushia. Mchoro ukionyesha meta 20 ndani ya uzio, hizo 36 zilizobaki zitakaa mbele ya nyumba za watu. Kosa la kawaida ni kuhesabu maegesho ya walimu na kusahau kabisa mstari wa kushushia.

Njiapanda

Na masharti ya kibali? Mara nyingi yanaandikwa, halafu hakuna anayeyasimamia.

Karani wa Kamati

Kwa sababu yanaandikwa kwa lugha isiyopimika. "Mwombaji ahakikishe usalama wa wapita njia" hilo si sharti, ni dua. Mkaguzi akienda nalo uwanjani hajui apime nini. Sharti liwe na kitu, namba na wakati: "Geti la magari liwe upande wa barabara kuu pekee. Mstari wa kushushia wa meta 56 ujengwe ndani ya uzio. Magari yenye ekseli zaidi ya mbili yasiingie kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi." Na kila la ujenzi lifungwe kwenye hati ya kuanza kutumia jengo, maana jengo likishafunguliwa halmashauri haina tena cha kushikilia.

Wakazi nao walete pingamizi kwa namna hiyohiyo, na ndani ya siku zilizotajwa kwenye tangazo la kiwanjani. Pingamizi linalosema "hatutaki" linahesabiwa tu. Linalosema "mchoro namba 2 hauonyeshi njia ya magurudumu kwenye kona ya mashariki" linalazimisha jibu la maandishi. Mkiwa na ombi la kupunguza mwendo mtaa huohuo, litajeni kwa namba yake ya kumbukumbu ndani ya pingamizi. Hapo ndipo mafaili mawili yanapofungwa kamba moja.

SaaMkononi

Baada ya kazi kukamilika, rudini na chaki yenu mahali palepale, saa zilezile, aina ileile ya siku. Pimeni baada ya mwezi 1, miezi 6 na mwaka. Mwezi wa kwanza huwa mzuri kupita kiasi kwa sababu ni jambo jipya. Msitangaze mafanikio kwa idadi ya ajali za mwaka mmoja. Mtaa uliochaguliwa kwa sababu ulikuwa na mwaka mbaya ungeshuka wenyewe hata bila kibao, na mpinzani mwenye hesabu atawaumbua. Mwendo ndiyo ushahidi wenu wa mapema. Ajali zihesabiwe kwa miaka 3 na zaidi.

Na mpime katikati ya tuta na tuta, si juu ya tuta. Juu ya tuta kila mtu ni mpole.

Mwananzengo

Swali la mwisho wakuu. Kuna ukuta kwenye kona unazuia kuona. Mwenye nyumba ana kibali chake cha zamani. Unavunjwa au haupaswi kuvunjwa?

MchoraRamani

Pima kwanza. Simama mahali macho ya dereva yatakapokuwa, meta 2.4 nyuma ya ukingo wa barabara kubwa, katikati ya njia ya kutokea. Angalia kila upande hadi sehemu ya mwisho ya lami unayoiona, kisha pima umbali huo kufuata ukingo. Kitu chochote kinachozidi sentimita 60 kimo ndani ya pembetatu hiyo kihesabu kama kizuizi, hata maua.

Mwongozo wa mitaa wa Uingereza wa mwaka 2007 unataka meta 43 kama magari yanakwenda maili 30, na meta 25 kama yanakwenda maili 20. Tuseme umepata meta 28. Kwa mwendo wa kwanza ukuta huo ni kasoro na halmashauri italazimika kuzungumza fidia na mwenye kibali. Kwa mwendo wa pili ukuta unabaki ulipo na hakuna anayelipwa. Andika vipimo vyote viwili kwenye ombi lako la kupunguza mwendo, na utaje namba ya kiwanja. Lakini mwendo unaohesabika hapo ni ule uliopimwa kwa saa, siyo ulioandikwa kwenye kibao, kwa hiyo tuta la kwanza likae upande ambao ukuta unaficha.